Mstari Ulioubadilisha

Mwanangu Paskalina,

Bibi yako ameshakuambia habari za sweta, za wanaume wa Dodoma na za kutokula vyakula vya njiani. Babu yako kesho asubuhi, kabla hujaondoka kwenda chuo, atakuombea slufay, ile dua yake ndefu ya baraka, na wewe utaitikia kila anapomeza mate, hata basi likipiga honi. Kwa hiyo upande huo mimi sina la kuongeza. Nimekaa mezani na taa ya sola, nimeshachana karatasi mbili, mwalimu mzima naogopa kumwandikia binti yangu.

Bibi ameniuliza tena leo kwa nini tunazunguka Haydom na Katesh wakati njia ya Mbulu kwenda Babati ni fupi. Nilimjibu kwamba nina shughuli njiani. Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayemuuzia mbuzi mgonjwa. Hiyo shughuli ndiyo inayonifanya niandike.

Juzi niliichukua ile kompyuta nyeusi niifute vumbi na kuondoa vitu vyangu kabla hujaibeba. Nikaikuta folda ya zahanati. Nikaifungua ile programu, kama mtu anavyoligusa jino bovu kwa ulimi huku akijua litauma. Nilikuwa sijaitazama tangu mama yako alipofariki. Nikaona mstari mmoja si wangu.

Unajua yote nitakayoyasema hapa. Umeyajua kwa muda mrefu kuliko mimi. Lakini niache niyaseme kwa mpangilio wake, maana miaka yote hii nimeyasimulia kwa mpangilio wa uongo.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilisomea hesabu, nikapangiwa huku kutoka Songea, na mkuu wa shule akasema kwa kuwa wewe ni wa hesabu, na kompyuta ni zako. Zenyewe zilikuwa kwenye maboksi, umeme ulikuwa haujafika. Nikafundisha kwa chaki. Niliandika ubaoni vile vitu vinavyokuja na lugha yenyewe ya kuandikia programu, orodha, maneno, tarehe, na chini ya kila kimoja kazi zinazoweza kufanywa nacho: append ya kuongeza, remove ya kuondoa, sort ya kupanga. Wanafunzi waliziimba kama jedwali la kuzidisha. Nadhani hata ng'ombe waliokuwa wakila nyasi chini ya dirisha walizijua.

Nilivipenda vile vitu, Paska. Nilipenda kwamba kuna watu mahali fulani walikaa wakavitengeneza, wakavifunga vizuri, wakatupa bure. Huhitaji kujua ndani mna nini. Unaita jina, kazi inafanyika. Mimi nimekulia nyumba ambayo hata mpini wa jembe ulichonga mwenyewe, kwa hiyo kwangu huo ulikuwa muujiza. Na muujiza mtu hasomi maelezo yake mpaka mwisho. Anaushangilia tu.

Unaikumbuka siku ya benchi? Ulikuwa darasa la pili, ulikuwa unakuja darasani kwangu kunisubiri. Nilikuwa nafundisha remove. Niliwapanga wanafunzi kwenye benchi refu, nikagawa vikaratasi vyeupe kwa baadhi yao, nikasema benchi ni orodha, mimi ni programu. Nitapita kiti kwa kiti. Mwenye kikaratasi anatoka, na waliobaki wanasogea kujaza nafasi, kama watu wanavyosogea kwenye benchi la hospitali. Ukalia na wewe ukae. Nikakuweka katikati, nikakupa kikaratasi.

Aliyekuwa mbele yako akatoka. Nikasema, "Sogeeni!" Ukasogea, ukakaa pale alipokuwa yeye. Na mimi nikapiga hatua moja kwenda kiti kinachofuata, nikamtazama aliyekuwa nyuma yako, nikaendelea hadi mwisho wa benchi. Ukabaki umeinua kikaratasi chako juu.

"Baba, umeniruka!"

Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikakwambia, "Hukukaa vizuri. Mwanafunzi anayekaa vizuri harukwi." Nikafuta ubao nikaendelea na sort. Ulilia njia nzima mpaka nyumbani, na mama yako akaniuliza nimekufanya nini, nikasema mtoto anadeka.

Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, mwanangu. Kosa lote lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye benchi, limeinua mkono, linaniita baba.

Baadaye ikaja ile zahanati binafsi karibu na mnada, ambayo siku hizi ni duka la pembejeo. Nesi Zuhura ndiye aliyeniomba. Mumewe alikuwa bwana shamba, walikuwa wametoka Tanga, na yeye kila asubuhi alikuwa anaona wanawake waliotembea tangu alfajiri kuja kuuliza majibu ya vipimo vilivyopelekwa hospitali ya Haydom, halafu anawaambia bado, warudi. Roho ilikuwa inamuuma. Akasema, "Mwalimu, huwezi kutengeneza kitu kiwatumie ujumbe majibu yakifika, wasihangaike?" Nikasema naweza. Ningesemaje siwezi, na mimi ndiye niliyekuwa naimbisha darasa?

Ilikuwa programu fupi. Kulikuwa na orodha ya wanaosubiri. Bahasha ikifika na basi, Zuhura anaweka alama kwa wale ambao majibu yao yamo, anabonyeza. Programu inapita jina moja baada ya jingine. Mwenye alama anatumiwa ujumbe, kisha remove inamtoa kwenye orodha. Mwishoni kioo kinaonyesha waliobaki, na juu yao niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: BADO. Nikaongeza na sharti, la kwangu na si la Zuhura, kwamba mgonjwa asije mpaka apate ujumbe. Nilijiona nimeokoa miguu ya watu.

Remove ilifanya kazi yake sawasawa. Ilimtoa mtu, ikawasogeza wengine, kama ilivyoahidi kwenye maelezo yake. Ni mimi niliyekuwa natembea juu ya orodha inayosogea. Kila aliyetoka, aliyemfuata alirukwa. Programu haikulia, haikuandika kosa. Ingeanguka na kuzimika ningeshukuru mpaka leo. Lakini ilifika mwisho wa orodha salama, ikasema imemaliza.

Kwa wengi kosa hilo halikuonekana. Aliyerukwa bahasha hii alipata ujumbe bahasha inayofuata, akadhani ndivyo Haydom wanavyochelewa. Halafu mama yako akaonekana na uvimbe kwenye titi, wakachukua kinyama cha kupimwa, kikapelekwa, na jina lake likaingia kwenye orodha.

Majibu yake yalirudi mapema, Paska. Haydom hawakuchelewesha. Aliyekuwa mbele yake kwenye orodha alikuwa mzee Tluway, na majibu ya mzee yalikuja kwenye bahasha hiyo hiyo. Mzee akatoka, mama yako akasogea, programu ikapita. Zuhura akatazama kioo: Bibiana, BADO. Kisha masika yakakata barabara, basi likawa haliji. Lilipokuja, mwingine aliyekuwa amebaki mbele yake akatoka, na mama yako akarukwa tena.

Katikati ya mvua hiyo alikwenda mwenyewe kuuliza, na matope yale. Zuhura alimwonyesha kioo. Aliporudi alikuwa anavua viatu pale mlangoni, akasema, "Bado. Na mashine ya mume wangu haikosei." Alisema kwa kujivuna. Alikuwa na kawaida ya kunitania, lakini siku hiyo hakuwa anatania.

Mara nyingine akaniuliza, "Baba Paska, kwa nini tusipande basi twende Haydom tukaulize wenyewe?" Nilikuwa nasahihisha madaftari. Sikuinua hata kichwa. Nikamjibu, "Kama yangekuwa tayari ungeshapata ujumbe." Akasema haya. Akaenda kukamua.

Ujumbe ulipofika, tulikwenda siku hiyo hiyo. Unakumbuka ulivyobaki na bibi. Daktari alikuwa mtu mpole, alikaa nasi muda mrefu. Alisema, "Mngekuja mapema tungejaribu mengi zaidi. Sisemi kwamba tungeshinda." Nimeyageuza maneno hayo kila upande, na hayatoi jibu. Huenda angekufa hata hivyo. Huenda sasa hivi angekuwa chumba cha pili anakukunjia nguo na kuzikunjua tena. Hilo sitalijua kamwe, na wewe hutalijua, na sitaki ukalitafute. Ninachokijua ni kwamba alikuwa na haki ya kujaribu, na mimi nikamwambia subiri.

Sasa ya Zuhura. Ulikuwapo siku ya tatu ya msiba, umekaa na watoto wenzako karibu na zizi. Alikuja na mumewe, wamebeba sukari na unga. Nilisimama kabla hajaketi. Nikamwambia mbele ya ukoo wa mama yako, mbele ya katekista na walimu wenzangu, kwamba yeye ndiye aliyesahau. Akasema, "Mwalimu, nilibonyeza kila bahasha ilipofika. Wallahi nilibonyeza." Nikamjibu, "Kompyuta haisahau. Wanaosahau ni watu." Nilisema vizuri, kwa sauti ya darasani. Watu waliguna kukubali. Akaweka sukari chini, akaondoka.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, watu walinisadiki. Wanawake wakaacha kwenda kwake. Mwenye zahanati akafunga. Zuhura na mumewe wakahamia Mogitu, ambako nasikia ana duka dogo la dawa. Mimi nikarudishiwa ile kompyuta nyeusi niliyokuwa nimewaazima. Nikaiweka kabatini, na ulipoingia kidato cha tatu ukaniomba ujifunzie, nikakupa. Nilifurahi. Niliona nimepata kitu cha kukupa.

Kosa kubwa kuliko la orodha ni hili. Sikuwahi kufungua kuangalia. Mistari yenyewe si mingi, ningeisoma huku chai ikichemka. Mwanafunzi akinijia na jibu lisilo sahihi huwa namwambia rudia hesabu tangu mwanzo. Mimi sikurudia. Nilikuwa na huzuni, na huzuni ile ilikuwa na mtu wa kumkasirikia, na hiyo ilinitosha. Nilijidanganya kwamba namlilia mama yako. Nyakati nyingi nilikuwa nalinda programu.

Halafu mnada wa Katesh, mwaka jana. Tulikwenda kuuza yule dume kwa ajili ya ada yako. Ukamwona Zuhura kwenye vitenge, ukaniacha, ukamwendea, ukainama. "Shikamoo, mama." Nilimwona anakushika kichwa kwa mikono yote miwili, anashindwa kuitikia marahaba. Nikaja nikakuvuta mkono. Nilikwambia neno ambalo ningependa kuliruka, lakini nitaliandika: "Unamwamkia aliyemuua mama yako?"

Ulitazama chini. Ukasema, "Ni mkubwa kwangu, baba."

Basi. Hukusema jingine mpaka nyumbani. Nikadhani umenuna. Wiki nzima nilikuwa nakusema kwa bibi yako kwamba umeanza kiburi cha shule.

Kompyuta, mwanangu, huandika tarehe ambayo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Juzi niliisoma. Uliubadilisha ule mstari kabla ya mnada. Kabla kabisa. Siku ile nilipokuvuta mkono mbele ya wauza vitenge, ulikuwa unajua. Ulikuwa na neno moja la kunimaliza pale pale, na kumsafisha yule mama mbele ya watu, na ukachagua kuniambia kwamba ni mkubwa kwako.

Nimeutazama sana mstari wako. Hukufuta wangu, uliongeza neno moja tu: copy. Programu inapita juu ya nakala ya orodha, inaondoa kwenye orodha yenyewe. Wanaotoka wanatoka, na anayepita hasogezewi benchi chini ya miguu. Ningekuwa nasahihisha ningekupa zote. Lakini zahanati ilishafungwa, Paska. Hakuna mtu anayesubiri kwenye orodha ile. Ulitengeneza kitu ambacho hakitatumika na mtu yeyote, kisha ukakihifadhi vizuri, ukafunga.

Na pembeni nikakuta ulivyojaribu. Ulichukua majina ya bahasha ile kwenye mafaili ya zamani, ukayapanga yalivyokuwa, ukaiendesha. Matokeo uliyaacha. Tluway, ametumiwa. Bibiana, ametumiwa.

Nilikaa na maneno hayo mawili mpaka chaji ikaisha. Kilichoniuma zaidi si kwamba nilikosea, maana hilo nadhani ndani kabisa nilikuwa nalinusa. Kiliniuma kwamba ulikuwa peke yako ulipoliona jina la mama yako likitoka. Ulifunga kompyuta, ukaja mezani, ukanipakulia ugali, ukaniuliza kama nataka mboga zaidi. Sijui ilikuwa siku gani. Nimejaribu kukumbuka siku ambayo uso wako ulikuwa tofauti, nimeshindwa. Baba gani huyo.

Unakwenda kusomea mambo haya. Watakufundisha kwa umeme na kwa walimu wanaojua, sitakuongezea. Nitakwambia tu nilipoangukia mimi. Nilidhani kitu kilichotengenezwa na wataalamu kinajua ninachotaka. Hakijui. Kinafanya kile kilichoandikwa kwamba kitafanya, na kukifahamu ilikuwa kazi yangu. Na nilipotumia watu nilifanya hivyo hivyo, niliwaita kwa majina na kungojea kazi ifanyike: mama yako, Zuhura, hata wewe kunyamaza kwako. Sikuuliza ndani mna nini.

Nimeogopa kukuuliza kwa nini ulinyamaza. Huenda ulinihurumia. Huenda uliona nikilijua nitavunjika na hutakuwa na mtu wa kukulipia shule. Huenda ulinichukia, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kunichukia kwenyewe. Lolote kati ya hayo ni haki yako, na sikudai jibu. Ila nimeona kitu kimoja waziwazi: unasafiri kesho na begi moja, kompyuta moja na siri yangu. Hiyo siri siyo mzigo wako. Iache hapa.

Ndiyo maana tunazunguka Katesh. Mogitu iko mbele kidogo kuelekea Babati, basi linasimama pale. Nitashuka. Nimeshaulizia, duka lake liko barabarani, na kesho hapo kunakuwa na watu kwa sababu ni siku ya soko. Nilimtukana mbele ya watu, siwezi kwenda kumnong'oneza. Nitamwambia alibonyeza kila bahasha ilipofika. Nitamwambia mashine ilikuwa yangu, na kosa, na ule mdomo siku ya msiba. Nikirudi nitayasema hapa Bashay pia, kwa babu na bibi yako kwanza, maana binti alikuwa wao, na kwa wale walioguna. Nasikia aibu tangu sasa. Huenda watu wa ukoo wa mama yako hawatanipa mkono tena. Huenda Zuhura atanifukuza na ndoo ya maji machafu. Yote mawili nitayapokea.

Hata kama basi halijafika mbali, usimsimamishe dereva ushuke kunifuata. Najua utataka, na najua ukisimama pembeni yangu yule mama atanisamehe haraka kwa ajili yako, na mimi nitajificha nyuma ya msamaha wako kama nilivyojificha nyuma ya kunyamaza kwako. Baki kwenye kiti. Babati utapata basi la Dodoma, kijana wa mjomba wako atakuonyesha. Barua hii nitakupa nikiwa nashuka, isome basi likishaondoka. Ukirudi likizo, kama utataka kurudi, tutapita Mogitu pamoja, umwamkie. Safari hiyo nitasimama hapo hapo nisubiri mpaka amalize kukuitikia.

Sikuandika haya ili unionee huruma. Unajua kuona kosa la baba yako na kulitengeneza kwa neno moja bila kumvua nguo. Mimi sikukufundisha hilo. Ni la mama yako.

Na siku ile ya benchi, mwanangu, ulikuwa umekaa vizuri.

Baba yako